Zawadi ya Kumwona Kashka

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini. Hapana, nasema uongo, mwaka wa ishirini watu walikuwa wamejifungia majumbani kwa ajili ya yale maradhi, na hakuna aliyetoka kwenda kutazama farasi wa mtu. Ni mwaka uliofuata, mwezi wa nne, theluji ingali imelala nyuma ya mazizi, ndipo farasi jike wa Tilebaldi alipozaa pacha.

Tilebaldi alijulikana bonde zima la At-Bashi kwa mambo mawili. La kwanza, alichochea makaa ya tanuri la shule tangu ujana wake hadi alipostaafu, na watu wazima wengi wa bonde lile wakisikia jina lake hukumbuka joto la ukuta wa darasa walioegemea wakisinzia. La pili, hakupita mbele ya kitu kipya mikono mitupu.

Huko kwao kitu kipya hakitazamwi bure. Bibi harusi akiletwa, mtoto akizaliwa, ng'ombe akinunuliwa, anayekuja kutazama hutoa chochote kwa mkono wake, sarafu, kitambaa, konzi ya peremende, na hicho huitwa korumduk, zawadi ya kuona. Jicho lililotoa halidhuru. Watu wote wa bonde hufanya hivyo, lakini wengine hufanya kwa kiasi. Tilebaldi hakuwa na kiasi. Mfuko wa kushoto wa koti lake ulikuwa wa sarafu za kuona, na mkewe Sonunbu hakuruhusiwa kuugusa hata chumvi ikiisha. Alitoa zawadi ya kuona kwa friji ya jirani. Alitoa kwa transfoma ya umeme, akaiacha sarafu kwenye kokoto chini ya nguzo. Mwalimu mkuu alipotia jino la dhahabu, Tilebaldi alimwomba kwa adabu atabasamu, akatazama, akampa sarafu yake, akaenda zake tanurini. Polisi mpya alipohamishiwa kijijini naye alipewa, akadhani ni rushwa, akakasirika sana, na kilichomkasirisha zaidi ni udogo wake.

Basi mtu huyu ndiye Mungu aliyempa farasi pacha.

Pacha wa farasi ni nadra, na mara nyingi hawafiki. Hawa walifika wote. Wa kwanza alikuwa mkubwa, mwekundu kama mama yake, akasimama upesi akaenda kunyonya kana kwamba aliitwa. Wa pili alikuwa mdogo mfano wa mbwa, kila mguu una nia yake, na paji la uso lina baka jeupe. Kwa ajili ya baka hilo wakamwita Kashka. Maziwa ya mama yalimtosha mmoja, na yule mkubwa hakuwa na habari ya kugawana. Wakajaribu kumpa Kashka maziwa ya ng'ombe wa jirani, tumbo likamharibika, akalala ameweka kidevu juu ya kiatu cha Tilebaldi, naye Tilebaldi akakaa hapo mchana kutwa kwa kuogopa kuusogeza mguu.

Daktari wa mifugo akasema upo unga wa maziwa wa watoto wa farasi, unauzwa mji mkuu, Bishkek, kwa magunia, na mtoto huyu atahitaji magunia kadhaa hadi majani yaote na meno yake yaweze kazi. Akataja bei. Sonunbu, aliyekuwa amesimama, akakaa.

Sonunbu alikuwa na mdogo wake wa kiume, Mambetali, mnene, mcheshi, fundi wa kukadiria nyama kwa jicho. Mwezi wa tano alikuwa anamtahiri mwanawe, na karamu inataka nyama. Akaja akamtazama Kashka, akamminya mgongo kwa vidole viwili, akasema kwamba ni mdogo lakini ni laini, na mtoto wa farasi asiye na maziwa ni afadhali awahiwe akiwa bado ana mnofu. Sonunbu hakuwa na moyo mgumu, ila alikuwa ndiye anayekaa na pesa za uzeeni za mumewe na anajua mwisho wake. Wakapatana hivi: yakipatikana maziwa kabla ya siku ya tano ya mwezi wa tano, Kashka atabaki. Yasipopatikana, Mambetali atakuja na kamba.

Tilebaldi alivua kofia yake ya manyoya akaenda zizini.

Kofia hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Kashka aliona kile kipande cha kufunika sikio kinaning'inia, akadhani ni chuchu, akaanza kukinyonya kwa bidii kubwa, na mzee akasimama ameinama, kofia mkononi, hathubutu kuivuta. Mkamwana wake Gulzina alikuwa anapita na ndoo. Mumewe, mwana wa Tilebaldi, alikuwa juu milimani na kondoo, mahali ambapo simu hazifiki, kwa hiyo Gulzina alikuwa na mazoea ya kumpigia picha mambo ya nyumbani amwonyeshe atakaposhuka. Akapiga ile ya kofia. Akamrushia dada yake aliyeko Istanbul. Dada mtu akairusha kwa wenzake, wenzake wakairusha kwa waume zao, na kabla ya Jumapili picha ile imefika Chikago, ambako vijana wengi wa bonde lile wanaendesha malori makubwa, wakiitazama katika vituo vya mafuta na kucheka hadi machozi.

Sasa, hawa wamekwenda mbali lakini hawakusahau desturi. Wameona mtoto wa farasi, tena pacha. Wakaanza kuuliza mmoja mmoja: zawadi yetu ya kuona tuiweke wapi?

Gulzina na dada yake wakafungua ukurasa mtandaoni, wa kampuni moja ya nchi za nje, ambapo mtu hubonyeza picha ya kikombe, anaandika namba za kadi yake ya benki, na pesa inakwenda. Ingekusanyika kwa dada mtu Istanbul, kisha iteremshwe At-Bashi. Gulzina akamweleza baba mkwe wake kwa uangalifu, maana alimheshimu, na maana alijua mzee ana msimamo juu ya jambo hili kuliko jambo lolote duniani.

Tilebaldi alifikiri sana. Kisha akatoa masharti, na Gulzina akayaandika juu ya ukurasa ule kama yalivyo. Kila jicho litoe lenyewe, mume asimtolee mke wala rafiki asimtolee rafiki. Na asiwepo wa kujitutumua: zawadi ya kuona ni kitu kidogo, anayetoa kikubwa anamwaibisha anayemfuata. Nusu dola inatosha, na atakayezidisha arudishiwe.

"Baba," Gulzina alisema, "wapo wanaotaka kutoa hamsini."

"Hamsini ni kununua," Tilebaldi akamjibu. "Huyu haonwi kwa kununuliwa."

Zikaanza kuingia. Gulzina alikuwa ameitegesha simu ilie kama kengele kila zawadi inapofika, asijue anajichongea mwenyewe. Kwa sababu mtu akitoa huombewa dua, na Tilebaldi hakukubali kumwombea mtu dua ya jumla. Kengele ikilia, Gulzina asome jina, mzee akunjue viganja vyake, amwombee huyo barabara iliyonyooka, watoto wenye afya na mizigo isiyodondoka, kisha wote wajipanguse uso waseme amina. Ililia wakati wa chai. Ililia mzee yuko juu ya paa anaziba pahali panapovuja, akakunjua viganja huko huko, nusura aanguke. Ililia katikati ya kumnywesha Kashka maji ya shayiri, Kashka akangoja chupa huku ameachama, akisikiliza dua ya mtu anayeitwa Ruslan wa Seoul. Mwisho sauti ikamkauka mzee, akawa anaomba kwa kunong'ona, na Sonunbu akasema laiti angejua kwamba simu inaweza kumnyamazisha angeinunua zamani.

Bata hizo, maana ndivyo wanavyoziita dua, ziliwafikia watu wengi kuliko waliokuja kwenye harusi ya Gulzina. Tilebaldi akaanza kutembea kifua mbele. Akaenda kupima pembeni mwa zizi mahali patakapokaa magunia.

Zikapita wiki mbili, dada wa Istanbul akateremsha zilizokusanyika. Gulzina akaenda benki mjini Naryn asubuhi na akarudi jioni akiwa amebeba mfuko mmoja, kwapani. Haukuwa hata gunia. Ulikuwa ule mfuko mdogo wa unga wa maziwa wanaouza hata Naryn kwa watu wa kujaribu.

Mzee aliutazama mfuko, akatazama nyuma ya Gulzina kama kuna gari linalofuata.

"Mengine yanakuja lini?"

"Ndiyo yote, baba."

Sonunbu akaacha kukanda unga. Gulzina, mfuko angali ameukumbatia, akaeleza. Kila kadi inapopita, wenye njia ya kadi huchota chao. Huchota senti thelathini kwanza, kabla hata hawajatazama kilichobebwa, kisha huongeza kidogo kwa kila mia. Wenye ukurasa nao wana chao. Na kushusha pesa kutoka Istanbul kuna chake. Mtu akitoa dola hamsini, makato hayo hata hayaonekani. Akitoa nusu dola, kinachobaki ni ukoko wa sufuria.

Tilebaldi hakuwa mtu wa hesabu, lakini aliwahi kuishi karibu na daraja.

"Yaani ni kama mlinzi wa daraja," alisema polepole, "anachota bakuli moja kwa kila apitaye, awe amebeba gunia, awe amebeba kikombe."

"Ndivyo, baba." Gulzina akainamisha macho. "Na sisi tumewaambia wote waje na vikombe."

Alisema sisi kwa heshima. Kila mtu mle ndani alijua sisi ni nani.

Mtu mwingine angelilia pesa zake. Tilebaldi alikaa kwenye kigoda chake, akaugeuza ule mfuko mdogo mkononi, na lililomtoka halikuhusu pesa.

"Huyo mlinzi anaitwa nani?"

"Hana jina, baba. Ni kampuni."

"Anayaona yanayopita?"

"Mashine zao zinaona kila kitu. Jina la mtoaji, saa, mji, na picha iliyomfanya atoe."

"Basi amemwona Kashka."

Gulzina akamtazama mama mkwe wake kwa kuomba msaada. Mama mkwe akarudi kwenye unga wake.

"Amemwona," mzee akaendelea, na uso ukamshuka, "tena amemwona mara nyingi kuliko mtu yeyote, kila kengele ilipolia alikuwepo amesimama langoni. Na hakutoa. Mimi nimewaombea dua watu wa Seoul, kumbe hapo mlangoni pana jicho zima limekodoa, halina hata senti, tena linachota."

Kashka akapiga chafya huko zizini. Yawezekana ni vumbi la majani. Tilebaldi alisimama wima.

Kuanzia hapo hakulala raha. Akamwambia Gulzina aandike barua kwa kampuni, na akaitamka kwa ufasaha wote aliokuwa nao. Alianza kwa kuwajulia hali wao na wazee wao na mifugo yao. Akasema hana ugomvi na bakuli wanalochota, daraja ni lao na ubao wa daraja huoza, lazima ukarabatiwe. Ila wamemtazama mtoto wa farasi tangu siku ya kwanza, naye ni dhaifu, na zawadi ya kuona haijaonekana. Hadai kikubwa. Hata kifungo cha shati kingetosha, ilimradi kimetoka mkononi mwao. Gulzina akaitafsiri alivyoweza, akaituma.

Jibu lilikuja upesi mno, mzee akafurahi kwamba ni watu wenye adabu. Lilisema ombi lake ni muhimu sana kwao. Likamshukuru kwa kuwachagua. Likamtaka aseme ameridhika kiasi gani na jibu hilo kwa kuchagua nyota, kuanzia moja hadi tano.

"Mpe tano," Tilebaldi alisema. "Mtu hadharauliwi mlangoni kwake."

Akangoja jibu lenyewe. Halikuja.

Habari za mfuko wa kwapani zilimfikia Mambetali, naye hakuwa mtu wa kuziacha zipoe. Shemeji kwa shemeji wana ruhusa ya kutaniana, na Mambetali aliitumia ruhusa hiyo hadi ukingoni. Alikuja, akanywa chai, akala borsok, maandazi ya kwao, sahani nzima, akasema amesikia shemeji yake amekuwa mullah wa simu: yeye anaomba dua, sadaka anakula mwingine. Akauliza kama kampuni ile inaajiri, kwa sababu na yeye anaweza kukaa mahali na kuchota. Kisha akaenda zizini, akamminya Kashka mgongo kwa vidole viwili, akarudi akisema amepungua.

Kweli alikuwa amepungua. Mfuko ule mdogo ulimtia nguvu siku chache, akajaribu hata kukimbia, akaenda upande upande kama meza inayobebwa na watu wasioelewana. Halafu mfuko ukaisha, wakarudia maji ya shayiri, na baka jeupe likaonekana kubwa kwa sababu uso ulikuwa unakuwa mdogo.

Huko Chikago alikuwapo Kanimet, kijana aliyekulia nyumba ya tatu kutoka kwa Tilebaldi, ambaye sasa ndiye kama mkubwa wa madereva wa bonde lile. Akapiga simu. Akasema wamesikia mambo ya makato na wanaona haya, maana huku wanafikiri wamelisha farasi kumbe wamelisha daraja. Yeye yuko tayari kuzikusanya za wote, azitume kwa mpigo mmoja, bakuli lichotwe mara moja tu.

Tilebaldi akamshukuru, akamwombea dua, akakataa. Kila jicho na mkono wake. Akikusanya mmoja, wale wengine watakuwa wametazama bure, na mtoto mwenyewe ndiye huyo, anayumba kwa chafya tu, atahimili vipi macho ya Chikago nzima?

Kanimet akasema, kwa upole, kwamba mtoto atakufa kwa njaa huku macho yote yamelipiwa.

Mzee akasema atafikiri. Hakufikiri, alikaa tu zizini, ameshika kofia, Kashka ananyonya sikio la kofia ambalo sasa lilikuwa limebaki ngozi tupu.

Siku ya tano ya mwezi wa tano Mambetali akaja na kamba. Ilikuwa kamba nzuri, mpya, ya manyoya ya farasi iliyosukwa nyeusi na nyeupe, na yeye mwenyewe safari hii hakuwa na utani mwingi. Aliiweka juu ya magoti, akakaa, akasema hataki kumharakisha mtu. Gulzina akamimina chai. Tilebaldi alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama mlango. Ni Sonunbu aliyesimama katikati ya nyumba, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

"Baba Doolot," alimwita mumewe kwa jina la mwana wao, "siku mliyokuja kwetu kuniona mimi, mlikuwa wangapi ndani ya lile lori la shamba?"

Mzee alishtuka. "Lilijaa."

"Mlileta nini?"

"Kondoo, na kitambaa cha kichwa."

"Alitoa nani?"

"Marehemu baba mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa lori."

"Na ninyi wengine mlioning'inia madirishani mkanitazama kama sinema, kila jicho lilitoa nini?"

Tilebaldi akatazama viatu vyake.

"Wewe mwenyewe hukutoa," Sonunbu akasema. "Nilikuona. Ulikuwa dirisha la kushoto, umekula kitunguu. Jicho lako halijalipiwa mpaka leo, na mimi miaka yote hii naumwa mgongo nikidhani ni baridi."

Mambetali alipaliwa na chai.

"Lakini ile ni tofauti," mzee akajitetea, na masikio yamemwiva. "Tulitoka lori moja. Waliotoka lori moja ni nyumba moja, mkubwa wao akitoa wametoa wote, hiyo inajulikana na kila..."

Akakatika hapo. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Gulzina akaweka birika chini. Kwa sauti ndogo kabisa, macho yameinama kama inavyompasa mkamwana, akauliza, "Baba, Chikago kwani wanaendesha nini?"

Simu ikapigwa. Kwa Chikago ilikuwa ndio kwanza kunapambazuka, na Kanimet na wenzake walikuwa kwenye uwanja wao wa kuegesha, wanapasha injini moto. Tilebaldi akashika simu mwenyewe kwa mikono miwili. Akasema amekumbuka desturi moja ambayo ilikuwa imempita kidogo. Akawataka wote wapande lori moja.

"Wote, baba?" Kanimet akauliza. "Tuko wengi."

"Sisi tulitosha," mzee akasema.

Wakapanda. Walikuwa vipande vya watu, wamelishwa nyama ya nchi ile, na walisongamana ndani ya tela moja lenye mapipa ya rangi, wakiwa wamevaa makoti ya kazi, na mmoja akapiga ukelele kwamba amekanyagwa. Mzee akawataka wakae kimya. Akawauliza kama wanakubali Kanimet ndiye mkubwa wa lori, wakakubali. Akawataka wote wamtemee Kashka mate kwa mbali, tfu, tfu, tfu, ya kuondoa husuda, wakatema, na Gulzina akaisogeza simu hadi zizini ili yamfikie. Kisha kofia ya Kanimet ikazungushwa ndani ya tela. Kofia iliporudi kwake, Kanimet akatuma yote mara moja kwa kadi moja. Mlinzi wa daraja akachota bakuli lake, kama kawaida yake, akapitisha gunia.

Dua aliyoomba Tilebaldi siku ile ilikuwa ndefu hata chai ikapoa. Kwa ajili ya lori zima.

Alipomaliza kujipangusa uso akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne akamtazama Mambetali vizuri.

"Shemeji," alisema, "na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Umemwona tangu siku ya kwanza. Umemwona kwa macho, umemwona na kwa vidole. Sijaona kitu mkononi mwako."

Mambetali akacheka, akangoja wengine wacheke. Dada yake alikuwa anamtazama, mikono ya unga imefungwa kifuani. Gulzina alikuwa anamtazama kwa pembeni. Akapapasa mfuko wa koti, hamna. Akapapasa wa suruali, akatoa ufunguo, akaurudisha. Kilichokuwa mbele yake ni kamba peke yake, nyeusi na nyeupe, juu ya magoti. Akaitazama kwa majonzi, maana ilikuwa kamba ya gharama, akamkabidhi shemeji yake kwa mikono miwili. Karamu yake akachinja kondoo, na waliokula hawakulalamika.

Magunia yalifika kutoka Bishkek juu ya gari la mkaa. Kashka akanywa, akapata shingo, akapata na jeuri. Mwezi wa saba alikuwa anakimbia na miguu yote minne kwa nia moja, na wa kwanza kung'atwa naye ni Mambetali. Hajawa mkubwa, hadi leo ni mfupi kuliko pacha wake, lakini ile kamba ya manyoya ndiyo hatamu yake na anaivaa kwa kujiona.

Kuhusu Sonunbu, asubuhi moja aliamka akakuta sarafu juu ya mto wake, ya zamani, ya enzi za lile lori la shamba, imeng'arishwa. Akaifunga kwenye pindo la kitambaa chake, na maumivu ya mgongo, anasema, yamepungua.

Tilebaldi ametulia, ila jambo moja. Farasi akipiga chafya, bado anatazama upande wa lango. Na kila anapopata mtu anayeelekea kujua mambo ya dunia, binti wa benki kule Naryn, mzungu aliyepita na baiskeli, mwalimu wa kompyuta wa ile shule aliyokuwa anaipasha moto, humkaribisha chai, humjulia hali ya wazee wake, kisha huuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua. Binti wa benki alimpa karatasi yenye viwango vya makato. Mzungu alicheka, akapiga picha. Mwalimu alisema atauliza, na tangu hapo akipita njia ile hupita upande wa pili.

Yule mlinzi wa daraja, huuliza Tilebaldi, alimwona mtoto au hakumwona? Kama alimwona, zawadi yake iko wapi? Na kama hakumwona, alikuwa amesimama langoni pangu kungoja nini?